Marathoni ya kwanza Moshi: basi la Ijumaa na kulala kwa mjomba, au ndege ya Jumamosi na hoteli?

Mguu Mzito (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Jumapili hii, Mungu akipenda, nitakimbia kilomita 42.195 kwa mara ya kwanza maishani, katika Kilimanjaro Marathon. Nimejiandaa kwa miezi mitano, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 32, kutoka Mbezi Luis hadi Kibaha na kurudi. Namba ya kifuani nimekwisha kuichukua hapa Dar es Salaam, kwa hiyo foleni ya Moshi hainihusu. Kinachoninyima raha ni hizi siku mbili za mwisho.

Njia ya kwanza ni kuomba ruhusa kazini, kupanda basi la Ijumaa alfajiri katika Stendi ya Magufuli, na kulala siku mbili kwa mjomba wangu Kibosho. Njia ya pili ni kufanya kazi Ijumaa kama kawaida, kuruka Jumamosi asubuhi hadi KIA, kisha kulala katika hoteli ya mjini isiyo mbali na Chuo Kikuu cha Ushirika, ambako mbio huanzia na kuishia. Nimepiga hesabu nikaona njia ya pili inaizidi ya kwanza zaidi ya mara nne kwa gharama. Je, fedha hiyo inanunua kitu chochote cha maana kwa mtu ambaye lengo lake ni kumaliza tu?

Mzee wa Nusu

Kijana, usiku wa Jumamosi hutalala vizuri popote utakapolala, iwe hotelini au kwa mjomba, kwa sababu utaamka kila saa kutazama simu ukidhani umechelewa. Hilo halina madhara makubwa, ili mradi usiku wa Ijumaa umelala usingizi wa kushiba. Kwa hiyo njia zako nizipime kwa swali moja tu: ipi inakupa usiku mzuri wa Ijumaa?

Mwaka wangu wa kwanza nilisafiri kwa basi siku ya Jumamosi. Nilikaa kwenye kiti kwa takriban saa tisa, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, na nilipovua soksi usiku ule alama za mpira wake zilikuwa zimechimba kifundo cha mguu kama kamba iliyofungwa kwenye kuni. Kesho yake nusu ya kwanza ya njia, ambayo ni tambarare kiasi, ilinidanganya kwamba mambo ni mazuri. Kisha ukaja mpando wa kuelekea Mweka. Mpando huo si mkali wa kutisha, ila hauishi, na ndipo miguu iliyovimba ilipodai deni lake. Basi la Ijumaa sina ugomvi nalo, kwa sababu linakuachia Jumamosi nzima ya kunyoosha miguu. Shuka kila basi linaposimama, tembea, usibaki kitini ukitafuna korosho.

Bint Pangani

Mzee wa Nusu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu basi, lakini nadhani umepita haraka kwenye neno lililo zito kuliko yote katika mada hii, nalo ni mjomba.

Mgeni anayefika Kibosho Ijumaa jioni hapewi chakula cha mwanamichezo, anapewa chakula cha mgeni. Ataletewa kiburu, na kiburu ni ndizi zilizopikwa na maharage, chakula kitamu ambacho hupaswi kukigusa ikiwa hukukizoea, maana tumbo litakalojaa gesi Jumamosi usiku litakupeleka vichakani Jumapili asubuhi. Ataletewa nyama choma yenye mafuta. Jirani atakuja na mbege, ile pombe ya ndizi, na kukataa kutahitaji maelezo marefu mbele ya wazee.

Upande wa pili, hotelini unaagiza wali mweupe na kipande cha kuku, unakula saa 12 jioni, unapanda kitandani na hakuna anayekasirika. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza kati ya gramu 10 na 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku, katika saa 36 hadi 48 zinazotangulia mbio. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 700 kwa uchache, wakati sahani ya wali uliopikwa wenye uzito wa gramu 300 ina kama 84 tu. Sahani nane za wali kwa siku hakuna anayeziweza, kwa hiyo gawanya: uji wenye sukari asubuhi, mkate na asali, ndizi mbivu, juisi, viazi, wali mchana na jioni. Jambo hilo ni rahisi kulipanga unapojitawala na gumu unapokuwa mgeni wa watu. Ukipanda kwenye mizani Jumamosi ukakuta umeongezeka kilo moja au mbili, usishtuke, kwani wanga unapohifadhiwa mwilini hubeba maji pamoja nao.

Jirani wa Taveta

Mimi huvuka mpaka wa Holili kila mwaka kuja mbio hizi. Juu ya usafiri wenzangu wamesema, ila Jumamosi kuna wanaopumzika kabisa na wanaokimbia kidogo. Nimejaribu yote mawili, na dakika 20 za kukimbia polepole sana asubuhi zilinifaa kuliko kulala kutwa, kwa kuwa miguu iliamka na wasiwasi ukapungua. Masharti ni kwamba usikimbie na kundi, maana tangu Mtanzania Alphonce Simbu awe bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025, kila kundi lina mtu anayetaka kuonyesha.

Sista wa Zamu

Naongeza mawili kutoka upande wa afya, kwa sababu kila mwaka nayaona. Watu huambiwa wanywe maji, nao hunywa lita juu ya lita tangu Ijumaa hadi mkojo unakuwa mweupe kama maji ya bomba. Maji ya kupita kiasi huteremsha chumvi katika damu, na hali hiyo inaweza kuua. Kunywa kwa kiu, na chakula kitiwe chumvi kama kawaida. La pili, usimeze dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen kabla ya kukimbia ili "kujikinga", kwani pamoja na upungufu wa maji huziumiza figo.

Mguu Mzito

Nawashukuru. Dada Bint Pangani, umenigusa penyewe, kwa maana mjomba ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kama nakula utumbo. Sasa naona njia ya tatu: basi la Ijumaa, hoteli ya bei nafuu mjini kwa siku mbili, jumla yake ikiwa bado chini ya tiketi ya ndege. Shida ni namna ya kumwambia mjomba kwamba niko Moshi na silali kwake.

Mwana wa Kibosho

Ndugu yangu, usithubutu kujificha, kwa sababu atakuona barabarani na litakuwa neno la miaka. Mpigie leo, wewe mwenyewe, usimtume mama yako. Mwambie kwamba Jumapili barabara kadhaa za mjini hufungwa mapema na unaogopa kukwama huko juu ukiwa na namba kifuani, jambo ambalo si uongo. Kisha mwombe akuwekee hicho kiburu, mbege na utumbo kwa ajili ya Jumapili jioni, na umwombe asimame barabara ya Mweka na chupa ya maji. Mzee akipewa kazi hanuni.

Mguu Mzito

Nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nitapita Mweka saa ngapi. Nilipomwambia sijui, ila itakuwa baada ya washindi kumaliza, alicheka sana, akasema atakuja na kigoda. Tiketi ya basi la Ijumaa nimekata, kiti cha pembeni mwa njia ili niweze kunyoosha mguu.

Mzee wa Nusu

Vizuri. Kucha za miguu kata leo, usisubiri Jumamosi. Na viatu vije vile vile vilivyokwenda Kibaha, tena uvivae ndani ya basi, maana begi la kwenye buti la basi huweza kushuka Korogwe wewe ukaendelea Moshi.