Nimetafsiri muvi kibandani, watu wamegawanyika na wengine wanadai hela yao. Naombeni ushauri

Sauti ya Nkuhungu (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi naomba msiuhamishe uzi huu kwenda jukwaa la burudani, maana kinachonisumbua siyo burudani.

Nina kibanda umiza hapa Nkuhungu, Dodoma. Jioni mpira, usiku muvi, kiingilio mia tano, na mimi mwenyewe ndiye ninayetafsiri. Nakaa nyuma na maiki, nampa kila mtu sauti yake. Watu wamenizoea na wananiamini. Jumamosi iliyopita niliweka Black Panther ya pili, ile Wakanda Forever ya 2022, kwa sababu ya kwanza ilijaza mpaka watu wakasimama mlangoni. Ilipoisha banda likawa pande mbili. Huku wanashangilia, huku wananifuata mezani wanataka mia tano zao, na mmoja akachomoa waya wa spika kwa hasira. Tangu siku hiyo ni mabishano mtaa mzima, kinyozini, kwa mama ntilie, kijiweni kwa bodaboda, na wateja wamepungua.

Swali langu: niirudie Jumamosi hii kwa walioipenda, au niachane nayo? Nahitaji jibu mapema. Usingizi sipati.

Zabibu Kavu
Mkuu, pole, ila ile muvi iligawa watu dunia nzima. Kosa lao ni kukataa kumweka mtu mwingine kwenye nafasi ya T'Challa, mfalme wa Wakanda, ndiye Black Panther mwenyewe. Chadwick Boseman aliyemcheza alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43, na iliuma kweli. Lakini T'Challa yupo kwenye vitabu vya katuni tangu 1966. Batman wameshacheza wangapi? Mfalme alitakiwa aendelee kuishi. Wao wakamuua dakika za mwanzo kabisa, tena kwa ugonjwa usiotajwa jina, wala hatukumwona.

Binti wa Kondoa
Sikubaliani na wewe kaka. Kumpachika mtu mwingine haraka vile mimi ningekasirika. Na Shuri, dada yake T'Challa, kuvaa ile nguo ya Black Panther siyo jambo la kubuni jana, kwenye vitabu alishaivaa 2009.

Mimi niliiangalia wakati tumetoka kumzika kaka yangu. Pale mwanzo dada anahangaika maabara, anatafuta dawa, dawa inakataa, mama anaingia na sura yake tu imeshasema kila kitu. Nilizima nikatoka nje. Niliimalizia baadaye sana, peke yangu. Mnaosema ni ndefu mna haki, saa mbili na dakika 41 siyo mchezo, ila mimi sikuona hata dakika ya kupunguza. Mleta uzi samahani, nimeingiza yangu.

Fundi Bajaji
Mimi nilishindwana na yule bwana wa majini. Mabawa kwenye vifundo vya miguu, madogo kama ya kuku, halafu anaruka angani! Angepanda ungo tungemwelewa, ungo tunaufahamu.

Zabibu Kavu
Fundi, Namor ana mabawa hayo tangu 1939, ni mkongwe kuliko hata T'Challa. Walichobadilisha ni kwao. Kwenye vitabu anatokea Atlantis, kwenye muvi wakampa Talokan, watu wa asili ya Wamaya walioingia majini kukimbia Wahispania na maradhi yao. Hapo niliwapa maksi zote, adui mwenye sababu. Ila kama ni hela, ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na hii haikufika bilioni moja. Mashabiki walisema kwa mifuko yao.

Nuru ya Chang'ombe
Vijana mnagombana kwa ajili ya mfalme wa nchi ambayo haipo. Mkwawa alikuwepo, Mirambo alikuwepo, nani kati yenu amewahi kukaa saa mbili akasimuliwa habari zao? Funga banda ndugu, uza mahindi, Kibaigwa hapo soko lipo.

Mzee wa Mpwapwa
Mbukwenyi. Mnaongea mabawa na mabilioni, mwenzenu anaongelea ugali wake.

Mwanangu, mimi nimekua na gari la sinema. Likifika kijijini watoto tunalikimbilia na vumbi lake, shuka jeupe linafungwa kwenye mbuyu, na mtu mmoja anasimama pembeni kutueleza. Tumeonyeshwa sinema mbaya nyingi. Mtu akiona sinema mbaya anasonya, anajikung'uta, anakwenda kulala. Akikufuata mezani na kukuchomolea waya, huyo kaona amedanganywa. Uliwaambia nini kwenye hiyo maiki?

Sauti ya Nkuhungu
Shikamoo mzee. Niliwatafsiria kama siku zote, na chumvi kidogo, bila chumvi banda linalala. Hilo siyo la kulikuza. Mimi nauliza kuhusu Jumamosi.

Binti wa Kondoa
Chumvi kiasi gani? Pale msibani, Wakanda nzima imevaa nyeupe, wanacheza ngoma, jeneza linapandishwa angani. Hapo ulisemaje?

Mzee wa Mpwapwa
Jibu swali la dada yako.

Sauti ya Nkuhungu
Haya. Nilisema aliyefariki ni mjomba wake mfalme. Mfalme mwenyewe yuko safarini nchi ya mbali, atarudi kwenye vita ya mwisho.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Kibandani kuna sheria tangu enzi za mikanda: steringi hafi. Na ikibidi afe, basi afe mwishoni, adui akiwa ameshalala. Hii muvi steringi anakufa watu hawajakaa sawa kwenye mabenchi. Ningesema ukweli, nusu wangetoka wakati ule ule. Kwa hiyo nikaishika njia yangu. Ile picha kubwa ya ukutani nikasema watu wanamwombea safari njema. Malkia, mama yake mfalme, alipozama, nikasema habari zimemfikia mfalme na amegeuza njia. Shuri alipokunywa dawa ya ule mmea wa kutia nguvu nikasema anamwonjea kaka yake isije ikawa na sumu. Killmonger, yule adui aliyekufa kwenye muvi ya kwanza, alipomtokea, nikasema ni ndoto mbaya ya dawa. Banda zima kimya. Ile nguo nyeusi ilipotokea, watu walipanda juu ya mabenchi wanapiga kelele, "Karudi! Karudi!"

Halafu kinyago kikafunguka, ni Shuri. Nikasema kaka yake amemtuma. Hapo ndipo wengine waliponishtukia.

Lakini mwisho kabisa, Nakia, mpenzi wa mfalme, anapomtoa yule mtoto kule Haiti na mtoto anasema jina lake halisi ni T'Challa, nikasema: mfalme ndiye huyu, amerudi. Mama anayeuza karanga pale mlangoni alipiga vigelegele, wengine wakafuata. Hao ndio wanaotaka niirudie. Sasa niambieni kosa langu. Ryan Coogler mwenyewe, mwongozaji, na wenzake wamebadilisha vitabu, Zabibu kasema hapo juu, Atlantis imekuwa Talokan, na mnawapa maksi. Mimi wa Nkuhungu nikibadilisha nimekuwa mwongo?

Zabibu Kavu
Mjomba wake! Mkuu, nimesoma mara mbili. Mimi nilitaka T'Challa aishi, lakini siyo namna hiyo.

Wakili wa Mtaa
Mnaruka jambo kubwa. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, tuna COSOTA wanaosimamia hakimiliki, tuna Bodi ya Filamu. Kuonyesha filamu kwa kiingilio kunahitaji ruhusa, na kuitafsiri nayo ni haki ya mwenye kazi. Coogler alibadilisha kwa idhini ya wenye mali. Wewe umepewa idhini na nani?

Sauti ya Nkuhungu
Wakili, vibanda viko Tanzania nzima na wote mnakwenda. Naomba turudi kwenye Jumamosi.

Mzee wa Mpwapwa
Umesema unahitaji jibu mapema. Mapema kwa sababu ipi? Kuirudia muvi kwa mia tano hakumkoseshi mtu usingizi.

Sauti ya Nkuhungu
Mzee umenibana. Kuna jamaa anajaza muvi kwenye flashi na memori kadi karibu na stendi ya Nane Nane. Wasafiri wa Bahi, Kongwa, Chamwino, wote wanapita kwake. Alikuwepo usiku ule, akaipenda, akaniambia nirekodi sauti yangu yote tangu mwanzo, vile vile na mfalme wake aliye safarini. Nimeshamrekodia. Nusu ya hela ameshanipa na nimenunulia mikisa. Ijumaa namkabidhi. Jumamosi nilitaka nijue tu kama watu wataipokea.

Na sioni ubaya. Mtu wa kijijini amechoka, anataka kuona mfalme mweusi mzima, siyo jeneza. Kuna ubaya gani kumpa furaha?

Kalamu Nyekundu
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Wakuu, hii ni chai, tena ya tangawizi. Mimi naishi Nkuhungu na kibanda ninachokijua kinaonyesha mpira tu. Halafu muvi ya 2022, leo hii kila mtu ana simu, eti banda zima hakuna aliyejua kwamba Boseman alifariki? Ilitangazwa mpaka redioni. Vituko vimepangwa vizuri mno, mara mjomba, mara karanga, mara vigelegele. Huyu ni mwandishi wa hadithi anapima upepo.

Fundi Bajaji
Na sukari imezidi. Mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Nuru ya Chang'ombe
Nilijua. Rudini kwa Mkwawa.

Zabibu Kavu
Hata mimi kwenye "anamwonjea kaka yake" nilisita. Mleta uzi, weka picha ya banda.

Sauti ya Nkuhungu
Picha siweki, Wakili ameshataja COSOTA. Ila Kalamu, kama kweli unaishi Nkuhungu, pita nyuma ya mashine ya kusaga usiku. Kuta ni turubai la bluu, juu bati. Spika ya kulia inakoroma kwa sababu ya ule waya, nimeuunga kwa kuyeyushia plastiki ya kalamu. Maiki nimeivalisha soksi ya mtoto ili pumzi isiingie. Wateja wangu ni vibarua wa ujenzi wanaotoka Mtumba na vumbi lao, na vijana waliokuja na ng'ombe mnadani. Simu zao ni vitochi. Habari ya Boseman wengine waliisikia, ndiyo. Lakini kwao aliyekufa ni mwigizaji. Mfalme ni mtu mwingine, naye walikuwa wanamsubiri.

Kalamu Nyekundu
Mashine ya kusaga naijua. Na nimewahi kusikia spika inakoroma upande ule, nikadhani ni mashine yenyewe. Haya, naiondoa chai, ila yule mama wa karanga bado namtilia shaka.

Binti wa Kondoa
Iwe kweli au hadithi, mimi namjibu kama kweli, maana amesema neno linaloniuma. Kaka, umesema wao walibadilisha na wewe umebadilisha. Siyo sawa. Kitabu walichobadilisha bado kipo, mwenye kutaka analinganisha, na ndiyo maana Zabibu anaweza kukaa hapa kulalamika. Mtu wa Bahi mwenye hiyo kadi yako atalinganisha na nini? Yeye ana macho tu, masikio ni wewe.

Na furaha unayosema, hukuwapa, uliwachelewesha. Walisubiri saa mbili na zaidi mtu asiyekuja. Waliotengeneza ile muvi walimpoteza mwenzao kweli. Angalia Angela Bassett, yule malkia, pale kwenye kiti cha enzi anaposema familia yake yote imekwisha. Kwenye mabenchi yako kuna mtu amezika mwaka huu, nakuhakikishia. Yule alistahili kulia pamoja na Wakanda. Wewe ukamwambia ni mjomba.

Na yule mtoto hakuhitaji msaada wako. Mama yake amemlea mbali na kiti cha enzi, na jina analoitwa huko Haiti ni Toussaint, la yule kiongozi wa mapinduzi yao. Ungesema hivyo hivyo, mama wa karanga angepiga vigelegele vile vile.

Mzee wa Mpwapwa
Nilikuwa nataka kuongea, binti amemaliza. Yule wa gari la sinema alikuwa anatuchekesha mpaka tunashika mbavu, lakini hakuna siku alitubadilishia nani amekufa.

Sauti ya Nkuhungu
Dada Binti, nimekusoma. Bado naamini banda lingetoka watu. Mnaongea kama vile hamjawahi kuona benchi tupu saa tatu usiku na mafuta ya jenereta yanaungua.

Ila hilo la mtu wa Bahi halinitoki. Mikisa siwezi kuirudisha. Nafikiria nirekodi upya, mwanzo na mwisho, mfalme amefariki, msiba uwe msiba, katikati nibaki na vichekesho vyangu, kina M'Baku wale wa milimani. Jumamosi niiweke hiyo, na wanaodai mia tano waingie bure. Jamaa wa kadi nitampigia Ijumaa nimweleze.

Fundi Bajaji
Wakiingia bure nami nakuja, mabawa nitayavumilia.

Wakili wa Mtaa
Kibali bado hujanijibu.

Kalamu Nyekundu
Ijumaa unachelewa. Wewe si umesema nusu ya hela ameshatoa? Jamaa wa kadi namna hiyo hasubiri kukabidhiwa. Kama ulimwachia hata kipande cha majaribio, kiko kwenye simu za watu Kongwa saa hii. Ulimwachia?

Sauti ya Nkuhungu
Nilimwachia dakika ishirini za mwanzo. Ngoja nimpigie sasa hivi.