Ati "koili ni koili"! Leo nimetukanwa mimi pamoja na gari langu

Wakuu, naandika huku mikono inanuka mafuta ya koili. Si ya injini, ya KOILI, lile kopo la kuzalisha umeme wa cheche za plagi! Yule fundi wetu mnamjua, mwenye bisibisi sikioni. Kanifanyia tena.

Gari langu la 1972 lina kile kigae cheupe kando ya koili, balasti, cha kuipunguzia umeme. Koili yake ni ya omu 1.5, haikuumbwa kula volti 12 mchana kutwa. Ukipiga stata, umeme unaikwepa balasti ili koili ishibe. Injini ikishawaka, unarudi kupita humo. Bwana mkubwa kakitazama kigae, kaking'oa, kakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, ngliiing! Akanigeukia: "Mzee, koili ni koili."

KOILI NI KOILI! Basi na kiatu ni kiatu, avae cha mwanawe.

Omu 1.5 bila balasti, platini (zile za kufunga na kukata umeme wa koili) zikifunga, ni ampea 8 badala ya 4. Koili ikageuka pasi, ungenyoosha mashati ya ukoo mzima. Platini nyeusi kama makaa. Mwisho koili ikapasuka. Leo nampelekea, mbele za watu ananijibu: "Gari kama mwenyewe, limezeeka, linavuja." Watu wakaangua kicheko. Na ndoo ipo palepale, balasti yangu imo ndani inanitazama.

Ngliiing. Hadi sasa naisikia.

Bibi_Kabureta: Pole mkuu. Mimi alinifanyia kinyume, koili ya omu 3 akaiachia balasti. Cheche kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Gari likikazwa mwendo linakohoa, yeye anasema kabureta. Akaifungua kabureta!

Plagi4: Mleta uzi, wewe si ulikuwa umesimama hapohapo? Ndoo ilikuwa na mbwa? Chomoa nyaya, pima omu kati ya chanya na hasi ya koili, dakika moja.

Mleta uzi: Nilishtuka mkuu. Ule mlio.

Stata_Kavu: Swali dogo tu. Hukuacha swichi imewashwa na injini imezima? Platini zikiwa zimefunga hapo koili inakaangwa.

Mleta uzi: Nilikuwa nasikiliza redio kidogo.

Plagi4: "Kidogo" hahahaha

Mleta uzi: Msihamishe mada. ALISEMA KOILI NI KOILI.

Chuma_Kizee: Langu halina hata hicho kigae, balasti ni waya wenyewe, umefichwa ndani ya fungu la nyaya. Akautafuta akaukosa, akasema nimeibiwa.

Bibi_Kabureta: Afadhali nyie. Mimi kondensa, vile vikopo vya kuzuia platini zisiungue, mpya tatu zimekufa mfululizo. Ile ya zamani niliyoitupa ndiyo ilikuwa nzima.

Stata_Kavu: Fungeni mfumo wa elektroniki, mtupe platini, mlale usingizi.

Plagi4: Msaliti kafika. Ukikufia njiani utausugua kwa msasa?

Stata_Kavu: Wewe sugua, mimi naendesha.

Mleta uzi: Jamani, balasti yangu...

Bibi_Kabureta: Plagi4, hebu achana naye. Kondensa nzima unayo?

Plagi4: Ninayo moja. Siitoi.