Kutoka ubao mrefu kwenda ubao mfupi wa mawimbi: je, wakati umefika?

Msafiri_wa_Durban:
Habari zenu, ndugu. Ninaishi Durban kwa ajili ya masomo na ninajifunza kuteleza juu ya mawimbi, hasa pale Addington, ambako mawimbi huwa mapole kuliko ya fukwe za kaskazini yake. Ubao wangu ni wa futi 9, ule wenye uso wa sponji. Wimbi lililokwisha kuvunjika nalidaka bila shida, na hata baadhi ya yale ambayo hayajavunjika. Nasimama na kwenda moja kwa moja mpaka ufukweni. Sasa nimepata mtu anayeuza kwa bei nafuu ubao wa futi 6 wenye mapezi matatu, yaani vile vipande vinavyochomoza chini ya mkia wake, na karibu vijana wote ninaowaona majini wanatumia mbao za namna hiyo. Nina kilo 75. Je, ninunue, au bado ni mapema?

Mzee_wa_Kusi:
Ndugu Msafiri, kabla ya futi muulize muuzaji habari za lita, kwa maana ujazo ndio unaokubeba, na mara nyingi huandikwa upande wa chini wa ubao. Ubao wa kawaida wa futi 9 huwa na lita 70 hivi au zaidi, ilhali ule mwembamba wa futi 6, wa mtu mzoefu mwenye uzito kama wako, huwa na lita zisizozidi 30. Tofauti hiyo utaihisi kwanza mikononi, si miguuni. Ubao mrefu huanza kuteleza wimbi lingali linainuka, lakini ule mfupi huzama kidogo chini ya kifua, hukokota maji, na kwa kuwa pua yake imepinda zaidi kwenda juu, hautaki kuondoka mpaka uso wa wimbi uwe umesimama kabisa. Kwa hiyo utalazimika kukaa karibu na pale wimbi linapovunjikia, na kuinuka mara moja, kwa kuwa nafasi ya kupiga goti kwanza haipo.

Lililonigutusha katika maelezo yako ni hayo maneno “moja kwa moja mpaka ufukweni”. Kwa ubao ulio nao, jifunze kwanza kulifuata wimbi ubavuni, kulia na kushoto, huku ukilitangulia povu, kisha uweze kugeuza ubao kwa kuukandamiza ukingo wake badala ya kuyumbisha mabega tu. Ukiyamudu hayo, tafuta ubao wa futi 7 na nusu wenye lita zipatazo 48.

Binti_Mvuvi:
Kuhusu kulifuata wimbi ubavuni ninakubaliana na Mzee kabisa, na historia inamuunga mkono, kwa sababu mbao zilifupishwa na watu waliokuwa wamekwisha kujua kukata kona. Nat Young wa Australia alipotwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huu huko San Diego mwaka 1966, ubao wake ulikuwa bado na zaidi ya futi 9, ingawa ulikuwa mwembamba kuliko za wenzake. Ufupi wenyewe ulikuja kwa kasi katika miaka michache iliyofuata. Hata hayo mapezi matatu yalipata umaarufu mwaka 1981 kwa Simon Anderson wa Australia, mtu mwenye umbo kubwa aliyetaka ubao usiomponyoka kwenye mawimbi makali. Ubao wa aina hiyo huongozwa na mguu wa nyuma uliokaa juu ya mapezi, jambo ambalo anayekwenda moja kwa moja hana haja nalo.

Ninapotofautiana naye ni kwenye huo wa futi 7 na nusu. Ubao wenye lita 48 ni vigumu mtu wa kilo 75 kuusukuma chini ya wimbi linalokuja, kwa hiyo ataendelea kugeuka nao juu chini ili wimbi limpite, kama afanyavyo sasa. Mimi ningechukua wa futi 6 na nusu, mpana na mnene, wenye lita 40 hivi: una ufupi wa kutosha kujifunza kuzama nao, na bado unabeba.

Mzee_wa_Kusi:
Binti, hoja ya kuzama ninaikubali, ila Addington siku nyingi mtu hupita bila kuzama. Siku atakapohamia New Pier, kule kaskazini kwenye mawimbi makali zaidi, tutazungumza habari nyingine.

Msafiri_wa_Durban:
Ahsanteni sana. Nimemuuliza muuzaji: ubao una lita 28. Nimeuacha. Je, huu wa sponji niuuze ili nipate fedha za kununua mwingine?

Binti_Mvuvi:
Usiuuze, kaka. Wakati wa baridi, asubuhi upepo ukitoka nchi kavu na mawimbi yakawa na umbo zuri, toka na ubao mpya. Siku wimbi likiwa dogo na legevu, rudi kwenye mrefu, kwa sababu mtu asiyedaka mawimbi hajifunzi kitu. Kumbuka pia kwamba aliye karibu zaidi na kilele cha wimbi ndiye mwenye haki nalo, na ukiwa na ubao mfupi utakaa katikati ya watu wengi zaidi kuliko ulivyozoea. Na ukinunua uliotumika, bonyeza uso wake kwa kidole gumba, hasa pale miguu inaposimama: panapobonyea, tabaka la juu limeachana na povu gumu linaloujaza ubao ndani. Kagua pia kuzunguka mapezi. Penye ufa na weusi au unjano uliokolea, huenda maji yamekwisha kuingia, na ubao huo utakuwa mzito kuliko unavyoonekana.