PNG, EXR au ProRes 4444: nirende kwa ipi animesheni yenye uwazi?

Mchoraji_Usiku
Wakuu, habari za jioni. Nina animesheni ya nembo, imeshakamilika, imebaki kurenda tu, yaani kompyuta itoe picha za mwisho. Itakaa juu ya video iliyokwisha kupigwa, kwa hiyo nyuma pasionekane kitu. Nimekwama: fremu za PNG au za EXR (picha mojamoja), au faili moja la video la ProRes 4444? Usiku huu lazima mashine ianze kazi. Halafu kuna diski ya nje ya TB 2 naitamani, ninunue kwanza? Msaada wenu.

bi_pikseli
Mkuu umeandika kama telegramu. Programu gani? Fremu ngapi? Anayeunganisha nembo na video ni wewe au mtu mwingine, na anatumia nini? Usipotaja hayo kila mtu atakupigia debe kipenzi chake.

Sungura_3D
PNG. Mjadala umefungwa.

MzeeWaNodi
EXR ndiyo baba lao. Industrial Light & Magic, wale wa athari za filamu, waliifungua kwa watu wote 2003 na mpaka leo sijaona ya kuizidi. Kivuli, kina, mng'ao, vyote unaviweka ndani ya faili moja kila kimoja na tabaka lake.

Sungura_3D
Ni nembo mzee, hatulipui sayari hapa.

Kobe_Taratibu
Uchague utakachochagua, ila usirende moja kwa moja kwenye faili la video. Mimi yalinikuta. Fremu 720, nikaiacha mashine usiku nikalala kwa raha zangu. Alfajiri naamka, taa zimezima, feni kimya. Umeme uliporudi nikaliona faili langu la MOV limejaa GB kibao, nikashukuru. Kulifungua: haliendi. Programu ya pili: haliendi. Kumbe MOV kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni, na mwisho haukufika. Fremu 611 zilikuwa mle ndani na sikuweza kutoa hata moja. Mteja alikuwa anakuja saa nne asubuhi, nikamwonyesha picha za skrini nilizopiga nikijaribu rangi. Alinitazama tu. Ningekuwa na fremu mojamoja ningeendelea kuanzia ya 612.

chapchap_edit
Pole. Ila mbona mnajisumbua? Toa MP4 tu.

bi_pikseli
MP4 ya H.264 tunayotoa sote haibebi alfa, yaani habari ya uwazi wa kila pikseli. Utapata mstatili mweusi juu ya video.

chapchap_edit
Basi arende juu ya kijani, jamaa akikate.

MzeeWaNodi
Astaghfirullah. Kijani ni cha kamera, kwa sababu kamera haijui mtu anaishia wapi. Kompyuta inajua tayari kila pikseli ni ya nani, wewe unaifuta hiyo habari halafu unaitafuta upya kwa kubahatisha?

chapchap_edit
Nimekula kwa kijani miaka sita, mzee.

MzeeWaNodi
Na kingo zako zina ukijani miaka sita.

Mchoraji_Usiku
Samahani nilichelewa. Ni Blender, ile programu ya 3D, fremu 250, pikseli 1920 kwa 1080. Anayeunganisha ni jamaa anayetumia After Effects, programu ya kupanga tabaka za video. Nembo ina mng'ao wa neoni pembeni.

bi_pikseli
Hilo la neoni ndilo ungeanza nalo! Mng'ao ni mwanga usio na mwili: rangi ipo lakini alfa ni sifuri au karibu na sifuri. PNG huhifadhi alfa nyoofu, yaani rangi hugawanywa kwa alfa kwanza. Penye sifuri hakuna cha kugawia, mng'ao unakatika kama umepitiwa na mkasi. EXR inahifadhi rangi ikiwa imekwisha kuzidishwa na alfa, kwa hiyo mwanga unabaki. Jamaa naye aiambie After Effects kwamba imezidishwa juu ya weusi, la sivyo nembo itatoka na ukingo mweusi kama imepakwa wanja.

Kobe_Taratibu
Hata hivyo mle After Effects mng'ao wenye alfa sifuri huwa unapotea. Mimi hutoa mng'ao peke yake juu ya weusi, bila alfa, tunauweka juu kwa hali ya kujumlisha. Sijalia tena.

Sungura_3D
Na EXR haibebi ule mwonekano wa AgX, yaani namna Blender inavyopanga rangi kwa ajili ya skrini, inabeba mwanga mbichi. Jamaa akiifungua haitafanana na ulichokiona kwenye skrini, utapigiwa simu usiku. PNG inatoka imeshaiva.

MzeeWaNodi
Imeiva ndiyo, na chumvi huwezi kupunguza tena.

Mchoraji_Usiku
Na diski?

bi_pikseli
Diski ya nini? EXR ya biti 16 kwa ukubwa wako, hata bila kubanwa, ni kama MB 16.6 kwa fremu. Zote 250 hazifiki GB 4.2.

Kobe_Taratibu
Diski nunua tu, ila isiwe ya kuzunguka. Yangu ilianguka kutoka mezani...

Mchoraji_Usiku
Wakuu nimeanza EXR. Fremu ya kwanza imetoka, nyuma pana kijivu.

bi_pikseli
Kwenye mipangilio ya kurenda, sehemu ya Film, umeweka tiki ya uwazi?

Mchoraji_Usiku
Ngoja nisimamishe kurenda nitazame.

chapchap_edit
Kobe, ilianguka ikiwa inazunguka au imezimwa? Yangu inalia tik tik tangu juzi.