Sampuli mbili za mwamba mmoja, majibu tofauti

Swali: Wakuu, heshima kwenu. Katika duara letu (shimo la kuchimbia) upande wa Geita, sampuli mbili za sehemu ileile ya mwamba (mkanda wa jiwe wenye dhahabu) tulizopeleka maabara Mwanza zimetoa gramu 3 na gramu 31 za dhahabu kwa tani. Je, maabara imekosea?

Jibu: Ndugu, usiilaumu maabara mapema. Dhahabu ya chembe kubwa haitawanyiki sawasawa, na kwa kuwa kipimo cha kuyeyusha kwa kawaida hutumia gramu 30 hadi 50 tu za unga, chembe moja ikiingia au ikikosekana jibu hubadilika kabisa. Omba sampuli kubwa zaidi isagwe na kuchekechwa, kisha kinachobaki juu ya chujio kipimwe chote peke yake.

Jibu: Naongezea kuhusu uchukuaji wenyewe. Mfereji, yaani mkato mwembamba unaochongwa ili kupata sampuli, ukate mwamba kutoka ukuta wake wa juu hadi wa chini, kwa kina kilekile. Mgongaji akiacha kwatzi ngumu (lile jiwe jeupe la mwamba) na kukusanya sehemu laini yenye kutu, jibu hupotoka. Turubai la kukusanyia vipande liwe safi.

Muuliza swali: Ahsanteni. Je, mawe ya pembeni mwa mwamba?

Jibu: Yapewe sampuli yake. Mwamba wa sentimita 40 wenye gramu 12, ukilipuliwa kwa upana wa sentimita 120 pamoja na mawe matupu, hubaki na takribani gramu 4 kwa tani.