Wavu wa stenlesi kwa jiko la gesi la kuchomea: nondo nene za 304, nyembamba za 430, au nirudi kwenye chuma cha kalibu?

Moshi_Mwembamba
Wakuu, habari za wakati huu. Jiko langu la gesi la kuchomea nyama lina vichomeo vitatu na mwili wake bado mzima, ila nyavu ndizo zimekwisha. Zilikuwa za chuma cha kalibu kilichopakwa enameli. Enameli ilianza kubanduka pembeni, ikaja katikati, na sasa kila palipobanduka pana kutu inayomeguka na kugandia kwenye chakula.

Nimeona za aina nne zinazoingia kwenye jiko langu:
A. Nondo za stenlesi 304 (namba hizi ni za aina ya stenlesi), unene milimita 9. Ndizo ghali kuliko zote.
B. Nondo za stenlesi 430, milimita 6. Nafuu sana ukilinganisha na A.
C. Za bomba, yaani ndani ni wazi, zimeandikwa "stenlesi" tu bila namba.
D. Chuma cha kalibu chenye enameli, kama nilizokuwa nazo.

Nachoma nyama, samaki na mboga, na jiko linakaa nje chini ya turubai. Aliyetumia zaidi ya aina moja anisaidie: tofauti ya A na B ni ya kweli au ni ya jina tu? Na zinatunzwaje?

FundiChomelea
Ni ya kweli, mkuu, na iko sehemu mbili: madini na unene.

Kinachozuia kutu kwenye stenlesi ni kromiamu. Ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba mno usioonekana, na ukiukwaruza hujirudisha wenyewe mradi hewa ipo. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. 430 ina kromiamu ya asilimia 16 hadi 18, lakini haina nikeli ya kuhesabika. Kwa macho huwezi kuzitofautisha zikiwa mpya. Zikishakula chumvi, asidi za viungo, moto na unyevu wa usiku, 430 ndiyo huanza kutoa madoa ya kahawia, hasa kwenye viungio.

Unene ndio watu wengi hawaupigii hesabu. Nondo ya milimita 9 yenye urefu wa sentimita 48 ina uzito wa gramu 244 hivi. Ya milimita 6, urefu uleule, ni gramu 109 tu. Kwa wavu mzima wa nondo ishirini unalinganisha karibu kilo tano na kilo mbili na ushee. Uzito huo ndio ghala la joto. Ukilaza nyama baridi juu ya nondo nyembamba, joto lake huisha mara moja, nyama inashika na haipati alama. Nondo nene inabaki na joto la kuendelea kukausha pale inapogusana na nyama.

C usiiguse. Bomba jembamba halina uzito, na ncha zake zikichomelewa vibaya maji na mafuta huingia ndani. Likianza kuoza kutoka ndani huwezi kulisafisha wala kuliona.

KaaLaMoto
Naheshimu hoja ya fundi, lakini chuma cha kalibu kisidharauliwe. Kinapitisha joto takriban mara tatu kuliko 304, na huwa kinatengenezwa kinene, kwa hiyo alama zake kwenye nyama ni za uhakika. Tatizo la Moshi ni enameli. Kichukue kisicho na enameli, ukipake mafuta kidogo na kukipitisha kwenye moto mpaka kiwe cheusi, halafu uwe unakirudia hivyo kila baada ya kukisafisha. Kitakaa miaka mingi sana.

ShangaziJikoni
Kaa, hayo ni kweli kwa mtu anayelifunika jiko lake likiwa kavu na kulipaka mafuta kila mara. Jiko la Moshi liko nje chini ya turubai. Turubai huzuia mvua, ila hufungia unyevu ndani, na chuma cha kalibu kikilala na unyevu siku chache tu kinaamka na kutu. Kwa mtu anayechoma, anafunga, anaingia ndani kula na watu wake, 304 inasamehe zaidi.

Moshi_Mwembamba
Asanteni sana. Fundi, nitajuaje kama ni 304 kweli? Nimesikia habari ya sumaku.

FundiChomelea
Sumaku inasaidia, lakini ijue mipaka yake. 430 inavutwa na sumaku kwa nguvu kama chuma cha kawaida. 304 haivutwi, au inavutwa kidogo sana pale ilipokunjwa ikiwa baridi, kwa hiyo mvuto hafifu kwenye kona usikutishe. Sumaku ikigota katikati ya nondo iliyonyooka na kung'ang'ania, hiyo si 304.

Sasa angalia hapa: sumaku kutoshika hakuthibitishi kuwa ni 304. Kuna stenlesi za namba 200 na kitu, kama 201, ambazo sehemu ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi ili bei ishuke. Nazo hazivutwi, na kutu huzipata mapema kuliko 304. Ndiyo maana nasema ukiona "stenlesi" bila namba, muulize muuzaji namba na uitake kwa maandishi. Asiyeijua namba ya chuma anachouza, achana naye.

Kisha geuza wavu utazame chini, pale nondo zinapokutana na fito za kushikilia. Kiungio kizuri ni laini na kimejaa pande zote. Ukiona kitone kimoja kimeshika upande mmoja na upande wa pili pana ufa unaoingia ukucha, mafuta na chumvi vitakaa humo, hewa haitafika, na kutu itaanzia hapo hata kama nondo yenyewe ni safi. Kuchomelea nako hudhuru chuma: sehemu ya pembeni ya kiungio ikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 425 na 850 hivi za Selsiasi, kromiamu hujifunga na kaboni na eneo hilo hubaki dhaifu. 304L ina kaboni kidogo zaidi kwa sababu hiyo, na ukiipata ni bora.

UpepoWaBahari
Naongezea kwa wanaoishi karibu na bahari kama mimi. Hewa ya chumvi inaitesa hata 304. Hutoa vidoadoa vidogo vya kahawia ambavyo vikiachwa huchimba. Stenlesi ya 316 ina madini ya molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 na inastahimili chumvi vizuri zaidi. Ni ghali, na kwa aliye mbali na bahari sioni sababu ya kuilipia. Kwetu huku inalipa.

Moshi_Mwembamba
Mimi niko mbali na bahari, kwa hiyo 304 inanitosha. Sasa utunzaji. Hizi za zamani nilikuwa nazisugua na brashi ya waya.

ShangaziJikoni
Hapo naomba unisikilize vizuri, mwanangu, maana ni jambo la usalama. Brashi ya waya hudondosha nywele zake. Unywele mmoja ukinasa kwenye wavu unaingia kwenye nyama, na mtu akiumeza unachoma koo au utumbo. Marekani watafiti walikadiria majeruhi takriban 1,700 waliofika vyumba vya dharura kwa sababu hiyo kati ya 2002 na 2014. Mimi natumia kipara cha mbao ngumu, yaani kibao cha kuparia masizi, ambacho kwa muda kimejichonga mifereji inayofuata nondo, na kwa masizi magumu natumia kile kisugulio cha stenlesi kilichosokotwa, nikikishika kwa koleo. Ukiendelea na brashi ya waya, basi ukimaliza pitisha kitambaa kilicholoa, nacho kwa koleo, kisha uutazame wavu kwenye mwanga kabla ya kuweka chakula.

Usisugue stenlesi kwa brashi au stilwuli ya chuma cha kawaida. Inaacha chembe za chuma juu ya nondo, chembe zinaota kutu, na mtu analalamika kwamba wavu wake umeoza kumbe kutu si yake.

Kazi yangu ya kila siku ni hii. Nikishatoa chakula cha mwisho nawasha vichomeo vyote, nafunga kifuniko na kuacha dakika kumi hadi kumi na tano mpaka moshi ukatike. Kabla ya hapo nahakikisha trei ya mafuta haijajaa, maana mafuta yaliyokusanyika yakishika moto si mchezo. Nazima, nasubiri joto lishuke kidogo, napara. Basi. Kila baada ya muda nautoa wavu wote, naulaza kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo na bekingi soda usiku kucha, asubuhi yake masizi yanatoka kwa kipara. Nasuuza na kukausha kwa kitambaa.

FundiChomelea
Shangazi amemaliza. Niongeze mawili. Dawa yoyote yenye klorini, hata ile ya kung'arishia nguo nyeupe, isiguse stenlesi. Klorini ndiyo inayotoboa ule utando. Na usitandike foili wavu mzima ukidhani unaukinga. Joto linakosa pa kutokea, linarudi chini kwenye vichomeo na vali.

Nondo zikigeuka rangi ya dhahabu, kisha kahawia na buluu, usihangaike. Ni moto umeongeza unene wa utando. Si kutu na haidhuru chakula.

Mpenda_Nafuu
Samahanini, naitetea B kidogo. Ninayo ya 430 na inafanya kazi. Nachoma mara chache, nikimaliza nautoa wavu na kuuweka ndani pakavu. Madoa ya kutu yakijitokeza nayapaka siki, naacha kidogo, nasugua, nasuuza. Kwa anayechoma mara mojamoja sidhani kama lazima alipie A.

FundiChomelea
Sikupingi. Kwa matumizi hayo na uangalizi huo 430 inatosha. Ningekushauri tu, ukija kubadilisha, utafute 430 yenye nondo nene kuliko hiyo. Kati ya 304 nyembamba na 430 nene inayotunzwa ndani, kwa upande wa upishi ningechukua ile nene.

KaaLaMoto
Swali kwa wa stenlesi: samaki hashiki kwenye nondo? Kwenye chuma changu cheusi anateleza.

ShangaziJikoni
Anashika ukimgeuza kabla ya wakati. Washa jiko, funga kifuniko dakika kumi na tano nondo zipate moto sawasawa, mkaushe samaki kwa kitambaa, mpake yeye mafuta badala ya kupaka wavu, mlaze, umwache. Akiiva upande wa chini anajiachia mwenyewe. Ukiinua ukingo ukaona bado umeng'ang'ania, mrudishe, subiri dakika nyingine. Samaki mwenye maji juu ya nondo vuguvugu atashika popote, hata kwenye hicho chuma chako cheusi.

Moshi_Mwembamba
Nimeamua A. Swali la mwisho: nafasi ya ndani ya jiko ni milimita 480 kutoka kingo hadi kingo. Niagize wavu wa 480 kamili ili usichezecheze?

FundiChomelea
Hapana mkuu. 304 hutanuka kuliko chuma cha kawaida. Nondo ya milimita 480 ikipanda joto kwa nyuzi 300 inaongezeka kama milimita 2.5. Ikikosa pa kwenda inajikunja juu katikati, au inasukuma kuta za jiko. Agiza 475, na upime pande zote mbili za jiko kwanza, maana mengi hayako sawa nyuma na mbele. Ukishaupokea uoshe kwa maji ya moto na sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, kisha uupitishe kwenye moto mkubwa mara moja bila chakula.