Windows 10, Linux au mashine mpya: saiba iamini ipi?

mwenye_saiba_umoja: Habari za jioni wadau. Nina saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi. Mashine ni za mtumba, zote Windows 10, na Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wateja wangu huingia iTax (ya kodi) na eCitizen (ya huduma za serikali), wanaskani vitambulisho. Mmoja ananiambia niweke Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, mwingine anasema nibaki hivi hivi. Mnaonaje?

fundi_luthuli: Kubaki hivyo ndiyo hatari kubwa, bosi. Kirusi cha WannaCry, kile cha kufunga mafaili na kudai fidia, kilipolipuka Mei 2017, kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni waliokuwa hawajakiweka, hospitali za Uingereza zikiwemo. Wewe sasa hata hicho kiraka huletewi. Microsoft waliweka mpango wa nyongeza wa viraka kwa muda, lakini unataka Windows halali. Usinikasirikie: yako iliwekwaje?

mwenye_saiba_umoja: Fundi alikuja na flashi 😅

fundi_luthuli: Anzia hapo basi, kabla ya kulinganisha chochote. Zile programu za kukraki, za kutumia Windows bila kuilipia, hukuambia uzime antivairasi kwanza, kisha uziruhusu kama msimamizi. Ukibonyeza ndiyo, umemkabidhi mtu usiyemjua mashine ambayo wateja wanaandikia nywila za KRA, mamlaka ya kodi.

linux_kasarani: Weka Linux Mint ulale usingizi. Ni aina ya Linux, ni bure, msimbo (maandishi yanayounda programu) uko wazi, kila mtu anausoma.

dada_wa_seva: Anayetaka anaweza kuusoma, ila wanaousoma ni wachache. Tundu la Heartbleed lilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, miaka miwili hivi, likagunduliwa 2014. Halafu kuna ile ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kazi safi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa mradi, kisha mwaka 2024 akapenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Andres Freund aliyemnasa hakuwa akitafuta mwizi. Aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Na ni mwajiriwa wa Microsoft, wapenzi wa Linux mniwie radhi! Matoleo thabiti ya Debian na Ubuntu, ambazo nazo ni aina za Linux, hayakuwa yameguswa.

Mimi pia ningechagua Mint, lakini kwa sababu nyingine: kila toleo kuu hupata viraka miaka mitano, na halikuulizi TPM.

mgeni_kilimani: Na Mac?

fundi_luthuli: Bei ya Mac mpya moja inanunua ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) kadhaa zinazokubali Windows 11. Na hata huko si peponi: Novemba 2017 ilionekana kwamba kwenye High Sierra, mfumo wa Mac wa wakati huo, unaandika root (jina la msimamizi mkuu), unaacha nafasi ya nywila tupu, unabonyeza mara kadhaa, umeingia. Apple walikimbia na kiraka upesi.

mwenye_saiba_umoja: Nitajaribu Mint kwa mashine mbili. Printa na skana zitashika?

dada_wa_seva: Usifute kitu kwanza. Pakua Mint kutoka tovuti yao wenyewe, linganisha namba ya sha256 (ya kuhakikisha faili halijachezewa) na waliyoandika pale, uiweke kwenye flashi. Washa mashine kwa hiyo flashi bila kuinstoli, chapa ukurasa mmoja, skani kitambulisho chako. Vikishika, instoli, kisha kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia uruhusu akaunti ya mgeni. Mteja akitoka, alivyoacha vinafutika.